Mkonge haukuhitaji tumbo la mamba

NJIA PANDA, na Mwana-Manundu

Wiki hii Ukuta wa China umerudi tena Korogwe. Umekuja kwa desturi yake, alfajiri, umebanwa katikati ya kile kifurushi ambacho kila mwenye simu anakijua: leo katika historia, "je, wajua?" tatu, kichekesho cha mume aliyechelewa kurudi, na nasaha ya mtu mashuhuri ambaye hakuwahi kuitoa. Tunaambiwa kwamba ukuta huo ndicho kitu pekee cha mikono ya binadamu kinachoonekana kutoka mwezini. Habari hiyo imetoka kundi hadi kundi, kutoka Mombo hadi Mkata, na kufikia saa nne asubuhi ilikuwa imeshaitikiwa kwa vidole gumba na "maashallah" za kutosha. Sasa, Yang Liwei, Mchina wa kwanza kurushwa angani na nchi yake, alikwenda mwaka 2003, akarudi, akasema wazi kwamba hakuuona. Naye hakuwa mwezini, ulioko kilomita 384,000 hivi kutoka hapa. Alikuwa akizunguka dunia kwa urefu wa kilomita mia chache tu. Mwenye ukuta amekubali yaishe. Wanaokaza shingo ni sisi wa Korogwe, ambao hata kwa basi China hatujafika.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na mchanganyiko wenyewe. Historia kidogo, mzaha kidogo, jambo la kushangaza na neno la hekima ni chakula cha asubuhi chenye heshima zake, na kwetu si kitu kigeni kilicholetwa na simu. Miaka ya 1890 wamisionari wa Kianglikana pale Magila, Muheza, walikuwa wakichapa "Habari za Mwezi", na ndani yake walimu wa vituo mbalimbali waliandika kwa Kiswahili yaliyotokea kwao. Mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ikaanzisha "Mambo Leo", na wasomaji wakaligeuza kuwa baraza la mashairi, barua, mabishano na habari za wazee wa kila upande. Tofauti ni kwamba aliyeandika uongo kuhusu mji fulani alijua kuwa gazeti litafika katika mji huo, na huko yuko mwalimu mwenye kalamu na hasira. Huo ndio msimamo wa safu hii leo, na sitaulegeza: jambo linalostahili kusomewa watu asubuhi ni lile ambalo msikilizaji mmoja miongoni mwao anaweza kulikanusha kabla ya adhuhuri. Lisilokanushika na yeyote hapa ni pambo, nalo halijamwelimisha mtu.

Nianze na uongo wa nyumbani, wasije wakasema napendelea. Mkoa mzima wa Tanga unakijua kisa cha Richard Hindorf, Mjerumani aliyeleta mkonge mwaka 1893, kwamba miche aliiiba Mexico na kuisafirisha imefichwa tumboni mwa mamba aliyekaushwa. Ni kisa kitamu, na ndiyo maana kinakumbukwa kuliko hesabu zake, ambazo ni tamu zaidi: kati ya miche 1,000 hivi iliyoagizwa, iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Lakini kitazame kisa cha mamba kwa macho makavu. Hindorf aliagiza miche yake Florida, Marekani, na huko mkonge ulikuwa umefikishwa tangu miaka ya 1830 na Henry Perrine, aliyekuwa balozi mdogo wa Marekani katika eneo la Yucatán. Kitu unachoweza kukiagiza kwa barua na kukilipia huna sababu ya kukificha tumboni mwa mnyama. Angalia jinsi ilivyokuwa rahisi kumtilia mamba huyu shaka: mashamba yapo, Magunga, Ngombezi, Mwelya na Hale; wazee waliokata majani wapo; vitabu vipo; na miche 62 ndiyo iliyozaa zao ambalo mwaka 1964 liliipatia nchi zaidi ya tani 200,000 za singa. Uongo wa nyumbani una anwani, kwa hiyo unaweza kufuatwa kwake ukaulizwa. Ule wa mwezini utaufuata kwa usafiri gani?

Ukweli wa nyumbani nao una anwani, na hapa ndipo kifurushi cha asubuhi kinaponiudhi zaidi. Kimetueleza mara nyingi nani alivumbua nini Ulaya, lakini sijakiona kikitueleza kwamba Korogwe ipo katika historia ya chanjo ya malaria duniani. Desemba 2008 jarida kubwa la tiba la Marekani lilichapisha matokeo ya jaribio la chanjo iitwayo RTS,S lililofanywa katika sehemu mbili tu, Kilifi kule Kenya na Korogwe hapa. Walishiriki watoto 894, wenye umri wa kati ya miezi 5 na 17. Nusu walipewa chanjo hiyo, na nusu nyingine, ili ulinganifu uwe wa haki na pasiwe na mtoto anayechomwa sindano ya bure, wakapewa chanjo ya kichaa cha mbwa. Waliopata RTS,S walipungukiwa na homa ya malaria kwa asilimia 53. Baadaye Korogwe ikawa miongoni mwa vituo 11 vya jaribio kubwa lililohusisha watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, na Oktoba 6, 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Fikiri sasa: kuna vijana wa Korogwe leo, wanaosubiri matokeo ya mitihani, ambao damu yao imo katika hesabu zile, na pengine kuna mbwa kadhaa wa mtaani waliopoteza kazi bila kujua kwa nini. Hilo ni la kushangaza, ni la kuchekesha, ni historia, na mama aliyempeleka mwanawe anaweza kukurekebisha ukikosea. Kifurushi kinataka nini zaidi?

Tuvuke tuingie Handeni. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 njaa iliipiga Uzigua, na watu wakachukuliwa kwa majahazi, wengi wao, kwa masimulizi yao wenyewe, wakiwa wamelaghaiwa kwamba wanakwenda penye kazi na chakula. Wakajikuta watumwa kusini mwa Somalia. Wengine wakatoroka wakiongozwa, kwa masimulizi hayo hayo, na mwanamke mwenye maono aitwaye Wanakhucha, wakaelekea kwao. Wakaishia bonde la mto Juba, wakalima, na wakaendelea kusema Kizigua kwa zaidi ya miaka mia na hamsini, wamezungukwa na Kisomali kila upande. Vita vilipoivunja Somalia mwaka 1991, baadhi yao wakapanda vyombo wakarudi Tanga. Walipokewa Handeni, kwanza kambi ya Mkuyu, kisha kuanzia mwaka 2003 makazi ya Chogo, na wengi wakapewa uraia. Wenzao waliokimbilia Kenya walipelekwa Marekani kwa maelfu, ndiyo maana leo Kizigua kinasikika katika miji yenye theluji. Kisa hiki hakihitaji kuongezwa chumvi na mtu yeyote. Shahidi wake anauza nyanya sokoni. Lakini muulize kijana wa Chanika ni tukio gani la historia analolijua kwa tarehe, atakutajia kuzama kwa Titanic, na jina la nahodha juu.

Najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo tuyapokee mlangoni. Wa kwanza watasema kwamba mambo ya mbali hupanua akili, na kwamba mtu anayejua ya kwao tu ni chura wa kisimani. Kweli, na sijamkataza mtu pweza mwenye mioyo mitatu, ambaye ni kweli anayo. Ninachokataa ni dhana kwamba akili hupanuka kwa kumeza. Hupanuka kwa kupima, na kupima huanzia pale mkono unapofika. Mfano ninao, tena wa jirani: Erasto Mpemba, mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto, alitia mchanganyiko wake wa aisikrimu kwenye friji ukiwa bado wa moto, ukawahi kuganda kuliko wa mwenzake. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Hakuliacha jambo hilo. Alirudia, akauliza tena alipofika shule ya Mkwawa, wenzake wakamcheka mbele ya mgeni, na mwaka 1969 jina lake likachapishwa pamoja na la mgeni huyo, Denis Osborne, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanasayansi wanabishana mpaka leo kama jambo lenyewe hutokea na kwa nini. Dunia nzima inamtaja mvulana huyo, naye alianzia kwenye friji ya shule. Angekuwa na kifurushi cha asubuhi, angejua urefu wa mnara wa Paris na asingeuliza kitu.

Wa pili ni wazito zaidi. Watasema historia ya nyumbani huamsha ukabila: leo Wazigua wana chao, kesho Wasambaa, keshokutwa Wabondei, na nchi hii haikujengwa hivyo. Hofu hiyo naiheshimu, ila historia yenyewe inaijibu. Chukua "Habari za Wakilindi", aliyoiandika Abdallah bin Hemedi kwa Kiswahili mwishoni mwa karne ya 19 na ikachapwa kwa mafungu pale pale Magila. Inasimulia jinsi Mbega, mwindaji wa nguruwe kutoka Ngulu, ardhi ambayo mpaka mwaka 2002 ilikuwa ndani ya wilaya ya Handeni kabla Kilindi haijajitenga, alivyokwenda kuwa mfalme wa Wasambaa. Alikuwa kigego, meno ya juu yalimtangulia, na kwa mila ya wakati ule hakupaswa hata kuishi. Kwa hiyo ufalme unaojivuniwa milimani ulianzishwa na mgeni kutoka Ngulu aliyekataliwa na ndugu zake. Ongeza manamba, waliokusanywa kutoka karibu kila pembe ya Tanganyika na nje yake kuja kukata mkonge, hata mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU. Wajukuu zao ndio nusu ya majirani zetu. Anayetaka kutafuta damu isiyochanganyika Korogwe atachoka kabla hajafika stendi. Ukabila hulishwa na mtu asiyeijua historia ya kwao, anayejua majigambo yake tu.

Wa tatu watasema: huu ni mzaha wa asubuhi, mzee, acha watu wacheke. Hao ndio walionifanya niandike. Mzaha haujawahi kudhurika kwa kuwa wa kweli. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, miaka tisa kwa safari ambayo basi la leo huimaliza kabla abiria hajamaliza korosho zake. Yule anayelalamika kwamba mkandarasi wa barabara anachelewa asomewe hilo saa kumi na mbili asubuhi tuone kama hatacheka. Na wale wanaosema habari za hapa hazijaandikwa, wanasema hivyo kwa sababu hawajatafuta. James Giblin aliandika mwaka 1992 kitabu kizima kuhusu mazingira, njaa na siasa za eneo hili la Uzigua. Steven Feierman aliandika kuhusu ufalme wa Usambara mwaka 1974. Walitoka Marekani, wakaketi na wazee wetu, wakauliza. Sisi tunaoishi na wazee hao tunawatumia picha ya Ukuta wa China.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na halihitaji bajeti. Wasomaji wa taarifa za asubuhi redioni, na nyinyi viongozi wa makundi ya simu mnaojiita maadmini na kukalia vyeo hivyo kuliko madiwani: kila siku pachikeni jambo moja la hapa, na chini yake mwandike limetoka kwa nani na linaweza kuulizwa wapi. Likiwa la uongo, atatokea bibi mmoja wa Kwamsisi au fundi mmoja wa Ngombezi atakayelipasua hewani, na hapo ndipo kipindi kitakapokuwa kizuri. Lile la China liacheni kwa Wachina, wanalo tatizo nalo tayari. Na yule msomaji wa Mombo anayeniandikia kila mara kunikosoa tarehe, safari hii nimemwachia nyingi makusudi azihakiki. Akikuta moja si sahihi, aitangaze kwa jina langu, maana ndiyo kazi niliyokuwa naiombea watu siku zote.