Kuhesabu Gharama za Mnara



Injili ya Dominika ya 23, Mwaka C, yatuonesha mjenzi aketiye kwanza kuhesabu gharama za mnara. Tumemkumbuka tulipotafakari biashara ya michezo ya video, waipendayo vijana wetu (nasi hatuwalaumu). Machi 2013 kampuni ya Square Enix ya Japani ilitoa mchezo wa Tomb Raider. Katika majuma yasiyozidi manne ziliuzwa nakala milioni 3.4, hata hivyo kampuni ikasema mauzo hayakufikia matarajio. Mwezi huohuo, hasara kubwa ikikaribia, rais wake Yoichi Wada akatangaza kung'atuka.

Mishahara ya miaka kadhaa na matangazo hulipwa kabla ya nakala ya kwanza kuuzwa, na mwenye duka naye ana fungu lake katika bei. Kwa maoni yetu wanunuzi hawakuwa wachache. Mnara ulipimwa kwa fedha ambazo hazijaingia. Kule aliondoka rais. Mahali pengi huondolewa wachoraji na waandishi wa programu, ambao siku ya kupanga bajeti hawakuitwa mezani.