Deni la Ndugu na Mlango wa Mahakama

Mwezi huu twataka kunena habari ya madeni, maana wako kati yetu wanaodhani ya kuwa Mkristo hana ruhusa kabisa kudai haki yake mbele ya hakimu. Ni kweli, Mtume Paulo aliwaonya Wakorintho wasishitakiane mbele ya wasioamini, bali watafute mwenye hekima kati yao awaamue. Basi baraza la wazee wa kanisa ni la kwanza, nalo ni jema. Lakini baraza lile si kesi, na siku za sheria hazimngoji mtu.

Katika Tanzania Bara, Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 humpa mwenye kudai deni la mapatano miaka 6, tangu siku deni lilipopasa kulipwa. Ikiisha, hakimu hana budi kuitupa kesi, ijapokuwa mdaiwa hakusema neno. Ahadi ya mdomo, "Ningoje mavuno," haiongezi hata siku moja. Bali mdaiwa akilikiri deni kwa maandishi na kutia sahihi kabla muda haujaisha, miaka huhesabiwa upya tangu siku ile. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mapatano yakishindikana, kesi haianzi kwa kelele wala kwa kumtisha mtu njiani. Huanza kwa hati ya madai kupelekwa mahakamani na ada yake kulipwa. Ndani yake huandikwa jina la mahakama, majina na makao ya mdai na mdaiwa, jambo lililotokea na wakati wake, sababu ya mahakama ile kuwa na uwezo juu ya shauri lile, thamani yake, na kile kinachoombwa. Kisha mdaiwa hupelekewa wito, naye hupewa siku 21 alete majibu yake kwa maandishi. Katika Mahakama ya Mwanzo, asiyejua kuandika aweza kueleza madai yake kwa mdomo, yakaandikwa na hakimu.

Kwa hiyo twawasihi, hasa ninyi wajane na walezi wa yatima: tafuteni amani kwanza, lakini siku ya kuketi mbele ya wazee, mwombeni mdaiwa atie sahihi. Asiye na hila hatakataa. Subira ni tunda la Roho. Kunyamaza hata watoto wakose haki ya baba yao si subira.