Kinga ya Mwili Nayo Huharibu

Kutoka City Stadium hadi Hamza, kando ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, hukosi anayekuuzia chupa ya kuongeza kinga: mwarobaini, tangawizi, mizizi isiyo na jina. Wanunuzi wa Maringo na Mbotela wanaamini kuwa kinga, kadiri inavyokuwa kali, ndivyo afya inavyonoga. Hilo nalikataa, na shahidi wangu ni ukoma.

Tumelelewa tukiambiwa ukoma hula vidole vikadondoka. Hauli. Bakteria wake, aliyegunduliwa na Armauer Hansen wa Norwei mwaka 1873, ni mzembe ajabu. Hujigawa mara moja tu kwa takriban wiki mbili. Hujibanza kwenye seli zinazozizunguka neva, hasa penye ubaridi: kiwikoni, gotini, kwenye kifundo cha mguu, usoni. Hukaa humo miaka bila fujo kubwa. Kinga ikimgundua, chembe nyeupe humiminika, neva huvimba ndani ya ala isiyotanuka, hubanwa, hukosa damu. Kwa siku chache tu mtu anaweza kushindwa kufunga kifungo cha shati. Vidole huliwa baadaye na moto wa jiko na vidonda asivyovisikia.

Tena wapo wenye bakteria wachache kabisa, kwa kuwa kinga yao imewashambulia kwelikweli, na hao huharibikiwa na neva mapema.

Sisemi kinga ni adui. Wengi mno wanaokutana na bakteria huyu hawaugui kamwe, na ni kinga inayowaokoa. Ninachokataa ni kuichochea ovyo.

Balaa huzidi mgonjwa akiwa tayari kwenye rifampisini, dapsoni na klofazimini, dawa zinazotolewa bure. Bakteria wanakufa, kinga inapambana na mabaki yao, mkono unalegea. Majirani wa ploti wanasema dawa zimemkataa, wengine wanataja uchawi, na mwenye chupa naye hakosi. Mgonjwa akiacha vidonge hapo, amepotea mara mbili.

Anachohitaji ni kinyume cha chupa ile: prednisoloni, ya kuituliza kinga, kwa usimamizi wa daktari (msikimbilie kuinunua dukani, ina madhara yake). Neva iliyolegea kwa muda usiofika miezi sita mara nyingi hupata nafuu. Ganzi ikianza, au mkono ukilegea, nenda kliniki wiki hiyohiyo, hata kama vidonge vyote ulishamaliza mwaka jana.