Mtaji wa mama unakwenda wapi?

 

Kwenye mkutano wa akiba wa juma lililopita, mama mmoja mwuza sambaza aliuliza swali ambalo komite ililipita haraka. Alisema: « Nimechukua kredi mara tatu, nimelipa mara tatu, sijachelewa hata siku moja. Lakini beseni yangu ni ileile. Hizo franga zinakwenda wapi? » Wamoja walicheka, wengine wakasema mambo ya minervali na dawa, kisha tukaendelea na ajenda. Sisi tuliondoka na swali hilo mkononi, kwa sababu ni swali kubwa. Walimu wa vyuo vikuu wanalifuatilia tangu karibu miaka ishirini, na safari yao inastahili kusimuliwa hapa.

Kwanza tueleze namna wanavyofanya kazi. Ukitaka kujua kama franga zinakuza biashara, haitoshi kuwatazama waliopata kredi na wale wasiopata. Aliyepata pengine alikuwa tayari na nguvu zaidi, au ana ndugu kwenye komite. (Msikasirike, tunatoa mfano tu.) Kwa hiyo watafiti wanapiga kura, sawa na sisi tunavyopiga kura kujua nani atakula likelemba mwezi wa kwanza. Walioangukiwa na kura wanapata franga, wengine hawapati au wanangoja. Kisha wanawatembelea wote, miezi na miezi, wakiuliza mtaji, mauzo na faida. Kama kuna tofauti baadaye, haikutoka kwa ndugu wa komite.

Kazi iliyofungua njia ilifanyika Sri Lanka, kisiwa kilicho karibu na Uhindi, kuanzia mwaka 2005. Watafiti watatu, Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff, walichagua watu wenye biashara ndogo kabisa, wasio na mfanyakazi wa kulipwa: washonaji, wenye vibanda, wapika vyakula vya kuuza. Kura ilipopigwa, wenye bahati walipata rupia 10.000 au 20.000, yaani kama dola 100 au 200. Haikuwa kredi, ilikuwa zawadi. Matokeo yaliwashangaza wengi. Kwa jumla mtaji huo ulizaa karibu asilimia 5 kila mwezi, kuliko riba ambayo benki ingeomba. Basi maskini ana akili ya biashara, anachokosa ni mtaji.

Lakini walipotenganisha wanaume na wanawake, furaha ilipungua. Faida yote ilikuwa kwa wanaume. Kwa biashara za wanawake, kwa wastani, zawadi haikuongeza kitu. Watafiti walichungua kama ni akili, ama woga wa kujihatarisha, ama wanawake wanaficha faida yao wanapoulizwa. Hakuna lililotosha kueleza tofauti hiyo.

Mnaweza kuwaza jinsi habari hiyo ilivyopokelewa. Tangu miaka mingi mashirika yalikuwa yanasema: mpe mama kredi, mama analipa. Sasa inaonekana mama analipa, lakini beseni inabaki ileile. Kuna waliochukua jibu la haraka, kwamba wanawake hawajui kukuza biashara. Sisi tunaofundisha watoto tunalijua jibu la namna hiyo: mtoto akikosa hesabu, mwalimu mvivu anasema hana kichwa, bila kuuliza kama alikula asubuhi.

Watafiti wengine walienda Ghana, katika miji ya Accra na Tema, wakajaribu kwa njia nyingine. Wamoja walipewa cedi 150 mkononi, karibu dola 120. Wengine walipewa thamani ileile, lakini kwa vitu: mwenye biashara alichagua mashine au bidhaa anayohitaji, nayo ikanunuliwa. Kwa akina mama ambao biashara yao ilikuwa imesimama kidogo, vitu viliongeza faida. Franga mkononi hazikuongeza. Kwa wale wenye biashara ndogo kabisa, hata vitu havikusaidia. Hapo ndipo ilianza kuonekana kwamba shida si mwanamke. Shida ni mahali zinapopita franga kabla ya kufika kwenye biashara.

Mwaka 2019 walitokea watafiti wanne wanawake, Arielle Bernhardt, Erica Field, Rohini Pande na Natalia Rigol. Hawakugawa hata senti moja. Walichukua kaye za zamani, yaani hesabu za Sri Lanka, za Ghana, na za akina mama wa Kolkata kule Uhindi waliochukua kredi, wakazisoma upya wakiuliza jambo ambalo halikuulizwa vizuri mwanzoni: katika nyumba hii, nani mwingine ana biashara? Na jibu likatoka. Pale ambapo mama peke yake ndiye anafanya biashara nyumbani, mtaji wake unazaa sawa na wa mwanaume. Pale ambapo bwana naye ana biashara yake, mtaji wa mama mara nyingi unaingia huko. Na wakihesabu faida ya nyumba nzima, haijalishi kura ilimwangukia bibi au bwana: nyumba inapata kiasi kilekile.

Tusome taratibu hapo, kwa sababu mna mambo mawili. La kwanza linatutoa aibu. Mama hakula mtaji, wala hakushindwa kuzidisha. Alimpa bwana anunue spea ya motopikipiki, au aongeze katoni kwenye butike, na pengine kwa hesabu ya nyumba alifanya vizuri, kwa sababu biashara ya bwana ilikuwa inazunguka haraka kuliko beseni ya sambaza. Nyumba ikala.

La pili ndilo linalotusumbua, na hapa tunasema mawazo yetu wenyewe, si ya watafiti. Kredi imeandikwa kwa jina la mama. Wakati wa kulipa ni yeye anasimama mbele ya wenzake, ni yeye analala bila usingizi siku ya Ijumaa. Lakini mali iko kwa jina la bwana. Bwana akiwa mzima na mwenye moyo mzuri, hakuna neno. Bwana akifa, tunajua sote yanayotokea katika nyumba nyingi za kwetu: wakwe wanakuja na orodha, wanachukua pikipiki, wanachukua friji, wanachukua katoni, na hakuna anayekumbuka kwamba nusu ya vitu hivyo ilitoka kwenye sanduku la akina mama. Deni peke yake ndilo haligombaniwi na mtu. Tena si kifo tu. Kuna bwana anayeoa mke wa pili kwa faida ya butike. Hesabu ya nyumba nzima, ambayo watafiti wanaona ni sawasawa, haituonyeshi nani ataondoka na nini siku nyumba ikivunjika.

Kwa hiyo tufanyeje, tuwafiche mabwana? Wamama wengine wanasema ndiyo, wazi kabisa, na wana sababu zao. Tuone kwanza kwa majirani.

Huko Kenya magharibi, katika soko la Bumala, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwafungulia wafanyabiashara wadogo konti katika benki ya kijiji, kuanzia mwaka 2006. Konti hiyo haikutoa riba hata kidogo, na kila ukitoa franga unakatwa. Mtu angesema, nani ataitaka? Wanawake wa soko waliitaka. Wengi wao waliweka akiba, na walitia franga zaidi katika biashara zao kuliko wale ambao hawakupata konti. Kwa wanaume waendeshao boda-boda za baiskeli, konti haikubadilisha kitu. Maana yake ni kwamba mwanamke alikuwa tayari kulipa ili franga zake ziwe na mlango. Si mlango wa kumfungia bwana peke yake: ni mlango wa shemeji, wa jirani, wa mtoto anayetaka biskuti, na hata wa mkono wake mwenyewe.

Uganda, jambo hilo lilijaribiwa tena kwa telefone. Mtafiti Emma Riley alifanya kazi na shirika la BRAC, pamoja na wanawake karibu 3.000 waliokuwa wanachukua kredi. Wamoja walipokea kredi mkononi kama kawaida, wengine ilitumwa kwenye konti ya telefone ya kwao wenyewe, iliyotengwa kwa biashara. Kredi ilikuwa ileile na riba ileile. Baada ya miezi minane, waliopokea kwa telefone walikuwa na faida zaidi kwa asilimia 15, na mtaji zaidi kwa asilimia 11. Na walionufaika kuliko wote ni wale ambao nyumbani walikuwa wanaombwa-ombwa sana. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money tunazo hapa kwetu pia, na wengi wetu tunazitumia kutuma vocha tu au kupokea ya shangazi. Mama asiyejua kusoma anahitaji mtu wa kumsaidia namba ya siri, na hapo kuna hatari nyingine. Lakini hiyo ni kazi ambayo kundi linaweza kuifanya Jumamosi moja.

Sisi hatupendi neno kuficha. Konti ya telefone yenye jina la biashara inaweza kujulikana na bwana vizuri kabisa. Tofauti ni kwamba franga zilizoko ndani zina kazi yake, na kuziomba kunahitaji maneno. Franga zilizofungwa kwenye pindo la kitenge hazihitaji maneno, mtu ananyoosha mkono tu.

Tuseme kidogo juu ya mafunzo, maana kila mwaka tunaletewa. Katika Jamhuri ya Dominika, wateja wa shirika moja la kredi waligawanywa: wamoja walifundishwa hesabu za kweli, kama wanavyofanya wanafunzi wetu wa sehemu ya biashara, na wengine walifundishwa kanuni nyepesi tu. Kanuni kubwa ilikuwa hii: franga za biashara na franga za nyumba zikae katika droo mbili, na ukitoa huku kwenda kule, uandike deni. Waliofundishwa droo mbili walibadilisha namna yao ya kufanya kazi. Waliofundishwa hesabu ndefu hawakubadilika sana. Sisi tuliosomea ualimu hatufurahii kusikia hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Togo nayo ilitupa somo. Mjini Lomé, wafanyabiashara wadogo 1.500 walipigiwa kura katika mafungu matatu. Fungu moja halikufundishwa, la pili lilipata mafunzo ya kawaida ya biashara, la tatu lilipata mafunzo yaliyotungwa na wanasaikolojia juu ya kujituma: kutazama mbele, kutafuta kitu ambacho jirani hauzi, kutoachia njiani. Baada ya miaka miwili, faida ya fungu la tatu ilikuwa imepanda kwa asilimia 30, na kwa wanawake peke yao asilimia 40. Mafunzo ya kawaida yaliwaongezea wanawake asilimia 5 tu, ambayo inaweza kuwa bahati. Inasimuliwa habari ya mama aliyekuwa anakodisha magauni ya arusi, akaona kwamba bibi arusi akitoka kwake anakwenda kununua shela na glavu mahali pengine. Akaanza kuviuza mwenyewe. Sisi sokoni tunaketi wauza makala kumi na wawili katika mstari mmoja, bei moja, gunia moja, na tunashangaa mteja akimchagua jirani.

Linabaki jambo la sheria, na hili halijafika masikioni mwa wote. Kitabu cha Sheria za Familia cha mwaka 1987 kilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake kwa mikataba aliyojifunga kuitimiza mwenyewe. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliifuta ruhusa hiyo. Kwa hiyo mama akienda kufungua konti au kusaini kredi kwa jina lake, na nyuma ya meza akaulizwa karatasi ya bwana, ana haki ya kuuliza ni sheria gani inayoomba hivyo. Aulize kwa heshima, lakini asiondoke haraka.

Kwa kundi letu tunapendekeza kitu kimoja, na komite itaamua. Katika kaye ya kredi tunaandika jina, kiasi, tarehe na riba. Tuongeze safu moja zaidi: mtaji umeingia wapi. Kama umeingia kwenye beseni, iandikwe beseni. Kama umeingia kwenye pikipiki ya bwana, iandikwe pikipiki, na bwana aje kutia sahihi kwamba amepokea kiasi fulani kutoka kwa bibi yake, na atarudisha kwa siku fulani. Bwana mwenye nia njema hatakataa. Na siku wakwe wakija na orodha yao, mama naye atakuwa na karatasi yenye sahihi na tarehe. Mfano wa safu hiyo tutauchora ubaoni Jumamosi saa tisa, baada ya kuhesabu akiba. Mje na kaye na kalamu.