Fulana Nayo ni Plastiki

Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini, na Kariakoo ikazoea. Lakini poliesta nayo ni plastiki, na mabaki yake yamejaa sakafuni kwa mafundi cherehani wetu. Vipande hivyo vikijazwa kwenye mito na makochi, tunasema vimerejelezwa. Nalikataa neno hilo. Mto ukichakaa, taka ni ileile, tumeiahirisha tu.

Uingereza, nyuzi za mazulia chakavu hutandazwa kwenye viwanja vya kuendeshea farasi, na wasimamizi wa mazingira huuliza: hii ni bidhaa, au bado ni taka? Hapa nani anauliza? TBS imekataza nguo za ndani za mtumba kuingia. Vizuri. Ila nguo inayoingia kihalali ikishachakaa, mzigo ni wa Pugu Kinyamwezi na Bonde la Msimbazi.

Mtasema tozo itamuumiza mnyonge. Basi msimtoze fundi wala mmachinga. Mtozeni anayeshusha kontena bandarini, kwa kila kilo, fedha hiyo ilipie kukusanya na kuchambua mabaki. Aliyekula faida alipie na taka.