Barua ya Wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dodoma

YAH: SHAHADA YA BAIOLOJIA NA SAYANSI YA JAMII

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo,

Nafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita hapa Dodoma. Kila dirisha la udahili linapofunguliwa, wanafunzi wa CBG (kemia, baiolojia na jiografia) hunijia na swali moja: anayetaka kujua mwili unavyougua, na pia kwa nini kijiji kimoja kiugue na cha jirani kisalimike, asome nini? Jibu wanalopewa ni kuchagua upande mmoja. Naomba uwafungulie shahada ambayo baiolojia na sayansi ya jamii zitakuwa na uzito sawa.

Mkoa wetu wenyewe unaidai elimu hiyo. Mwaka 2016, watu 68 waliugua kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, 20 wakafariki. Maabara inaweza kuitambua sumu iliyomo kwenye mahindi. Ila haitatueleza kwa nini nafaka huingizwa ghalani kabla haijakauka, wala kama familia yenye njaa iko radhi kutupa mahindi ambayo kwa macho hayana kasoro.

Kongwa nako, trakoma imepofusha watu kwa vizazi. Dawa huua bakteria, lakini mtoto huambukizwa tena kwa mikono, vitambaa na nzi wanaotua kwenye uso usionawishwa. Watafiti waliofika huko miaka ya 1980 walilazimika kuuliza nani anachota maji na nani anaamua yatumikeje. Wakakuta kina mama wakiamini kwamba kumnawisha mtoto uso kunahitaji maji mengi kuliko yanayohitajika kweli. Leo usafi wa uso ni moja ya nguzo nne za mkakati wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya trakoma.

Tazama pia Kondoa. Mwaka 1979, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma uliondoa mifugo kwenye eneo lililoliwa na mmomonyoko. Nyasi na miti vikarudi. Mwanaikolojia ana haki ya kufurahi, lakini kwa mfugaji ng'ombe ni maziwa, mbolea, akiba na mahari. Anayepima uoto bila kupima hasara ya kaya hiyo amefanya nusu ya kazi.

Chuo chako, kilichoanzishwa mwaka 2007, tayari kina walimu wa pande zote mbili. Kinachohitajika ni kuwakutanisha darasani, mbele ya mwanafunzi yuleyule. Naomba mambo matatu. Kwanza, mtaala uandikwe kwa pamoja na ndaki husika, badala ya kubandika kozi mbili za sosholojia pembeni mwa baiolojia. Pili, mafunzo kwa vitendo yafanyike vijijini: mwanafunzi apime unyevu wa nafaka, kisha akae na wenye ghala awasikilize. Tatu, kabla ya kudahili hata mmoja, zungumzeni na Ofisi ya Rais, Utumishi, ili shahada hiyo itambuliwe kwenye miundo ya utumishi. Wazazi huogopa shahada isiyotajwa kwenye matangazo ya ajira, na hofu yao ni ya haki.

Naomba hoja hii ifikishwe kwenye Seneti. Nina wanafunzi walio tayari kuisoma shahada hiyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa baiolojia, Dodoma