Nyimbo za Zamani Zisigeuke Mke Mwenza

Leo tuyaache kidogo mambo ya mahari na mawifi, tuzungumzie muziki. Ndiyo, muziki! Usishangae, maana hapa Singida kuna nyumba zimenuniana kwa sababu ya nyimbo.

Ubishi wenyewe unaujua. Bendi kongwe inaingia studio, inatoa albamu mpya, na humo ndani wanaimba enzi zao: ujana ulivyokuwa, wenzao waliotangulia mbele ya haki, mapenzi ya kuandikiana barua. Mashabiki wanagawanyika palepale. Hawa wanasema, "Hayo ndiyo mashairi bwana, yana ujumbe!" Wale wanajibu, "Wazee wameishiwa, wamebaki kulilia zamani." Ukikaa jioni na kuku wako wa kienyeji na kachumbari, meza mbili hazikosi kurushiana maneno.

Dada mmoja, mfanyakazi wa ofisi hapa mjini, kaniambia kwake mambo yamefika pabaya. Mumewe akirudi kazini ni nyimbo za zamani tu: dansi aliyoirithi kwa baba yake, na bongo fleva ya enzi zake za chuo. Akiombwa abadilishe, anajibu, "Wewe huwezi kuelewa, hukuwepo." Hilo neno "hukuwepo" ndilo linalomchoma, maana baadhi ya nyimbo hizo anajua kabisa mumewe alikuwa akizisikiliza na nani. Jamani, hapo si muziki tena!

Tuanze na hao wanaotaka bendi ibaki "kama zamani". Zamani ipi? Chukua Msondo Ngoma, Baba ya Muziki. Ilianza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ndipo ikaitwa Msondo Ngoma. Majina manne! Marehemu Muhidin Maalim Gurumo alikuwa NUTA, mwaka 1978 akaenda Mlimani Park, hao Sikinde ambao ni watani wa jadi wa Msondo, na miaka mingi baadaye akarudi Msondo. Mashabiki wa pande mbili wametambiana miaka nenda rudi, kumbe sauti wanayoililia ni ya mzee mmoja. TX Moshi William alifariki 2006, Gurumo akafuata 2014, na bendi haikufa nao. Imedumu kwa sababu ilikubali kubadilika.

Wala kukumbuka si ugonjwa wa wazee peke yao. Mwaka 2017 vijana wa WCB Wasafi walitoa wimbo wa pamoja na wakauita "Zilipendwa". Kila kizazi kina zamani yake.

Sasa kwa nini zamani inaonekana tamu hivyo? Wanasingida tuna jibu. Umeona mama anavyopepeta mtama? Anainua ungo, upepo wetu huu usio na mchezo unafanya kazi yake, pumba zinakwenda na punje zinabaki. Miaka nayo inafanya hivyohivyo. Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam bendi zilirekodi nyimbo nyingi sana, na zilizokuwa za kawaida tumeshazisahau. Zilizobaki ni zile kali tu. Halafu tunachukua punje hizo zilizopepetwa miaka 40, tunazilinganisha na nyimbo za wiki iliyopita ambazo bado zina pumba zake. Hiyo si haki.

Na ndivyo tunavyowafanyia wapenzi wetu. Yule wa chuo umemkumbuka akicheka, umesahau alivyokuwa hapokei simu. Hata siku zenu za uchumba, mnakumbuka matembezi ya Ziwa Singidani, hamkumbuki ugomvi wa njia nzima kurudi nyumbani. Mke uliye naye leo hajapepetwa, kaka. Anakuja na uchovu wa kazi, na ada ya mtoto, na hasira ya jana. Ukimlinganisha na kumbukumbu atashindwa kila siku, na si kosa lake.

Sisemi uzifute nyimbo zako, la hasha. Mwanamume asiye na kumbukumbu ni mgeni hata nyumbani kwake. Ila badala ya "hukuwepo", mwambie, "Kaa hapa nikusimulie." Mweleze wimbo huu baba alikuwa akiupiga mkiwa na miaka mingapi, nani alikuwa hai, mlikuwa mnakula nini. Kumbukumbu ikisimuliwa inakuwa ya wawili. Ikifichwa ndani ya simu inakuwa mke mwenza, tena mke mwenza asiyezeeka wala kukosea.

Na wewe dada, usinune kila ukisikia gitaa la zamani. Muulize, "Hapa unakumbuka nini?" Mara nyingi anayekumbukwa si mwanamke. Ni yeye mwenyewe alivyokuwa kabla ya mikopo na majukumu, na huyo kijana unaweza kumpenda hata wewe. Ukigundua ni mwanamke kweli, basi tatizo halimo kwenye albamu. Zungumzeni mapema, kabla hamjazoea kulala mmepeana migongo.

Kisha fanyeni jambo moja mwezi huu: chagueni wimbo mmoja mpya ambao hakuna kati yenu aliyewahi kuusikiliza na mtu mwingine. Uwe wenu. Miaka 20 ijayo nao utakuwa zilipendwa, na hakuna atakayemwambia mwenzake hakuwepo.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.